Gari Jipya Katika Nchi ya Chumvi

Siku ile gari jipya lilipoingia katika uwanja wa shule yetu hapa Marereni, wanafunzi walitoka madarasani bila ya kengele kulia, na sisi walimu, ambao wajibu wetu ulikuwa kuwarejesha, tukatoka pamoja nao. Lilikuwa pikapu jeupe la dizeli, viti vyake vingali vimefunikwa nailoni, na karani wetu akakataza nailoni hiyo isiondolewe ili upya usiishe upesi. Mwenyekiti wa kamati alisema maneno machache. Mzee mmoja aliomba dua, mchungaji akafuatia kwa sala, na mama mmoja wa kamati akayanyunyizia magurudumu maji kwa kata. Kila mtu alilitakia gari heri. Hakuna aliyeuliza litaoshwa kwa maji gani.

Swali hilo huenda likaonekana la kipuuzi kwa msomaji aliyeko Nyeri au Kisii. Kwetu si la kipuuzi hata kidogo. Msafiri atokaye Malindi kuelekea Garsen huvuka daraja la Sabaki, akapita Mambrui na Gongoni, na kabla ya kufika Kurawa akatukuta sisi. Upande wa mashariki, baina ya barabara na mikoko, ataona mabwawa mapana yasiyo na kina, ambamo maji ya bahari huingizwa yakaachiwa jua na upepo, na kando ya mabwawa hayo vilima vyeupe ambavyo mgeni hudhani ni mchanga. Sehemu kubwa ya chumvi inayopikiwa nchini Kenya hutoka katika ukanda huu. Tunaivuta puani, tunaiona juu ya mabati, na wakati wa kusi upepo hutuletea hadi katika kurasa za madaftari.

Gari hili si letu la kwanza. La kwanza nalo tulilinunua likiwa jipya, na tulilitunza, au tuseme tulidhani tunalitunza. Kwa miezi miwili dereva hakulipitisha kilomita 60 kwa saa. Oili ilibadilishwa kwa wakati, na kila jioni vijana wawili wa zamu walilisugua kwa sabuni na ndoo sita za maji ya kisima mpaka likang'aa. Mwaka wa tatu sakafu ya nyuma ilianza kutoboka. Mwaka wa tano fremu, pale inaposhikana na springi za nyuma, ilikuwa ikibanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya mafuta, na mchomeleaji mmoja mwaminifu wa Malindi akatuambia kwamba hana chuma cha kushikiza moto wake. Tuliliuza kwa vipande. Injini ilinunuliwa na mtu wa kinu cha kusaga mahindi upande wa Adu, na hadi ninapoandika makala haya bado inasaga. Yaani kile tulichokihofia ndicho kilichosalimika, na kile ambacho hatukukifikiria ndicho kilichokufa.

Nianze na suala la kulizoesha gari jipya, kwa sababu ndilo lililotuletea ugomvi wa kwanza. Dereva wetu ni mzee aliyejifunza kazi katika malori ya Bedford, kisha akaendesha Peugeot 504 kwa miaka mingi. Itikadi yake ni kwamba gari jipya huongozwa kama bi arusi: mwendo wa kilomita 40, bila mzigo, na kila asubuhi injini inguruma papo hapo ilipo kwa nusu saa ili ipate moto. Mimi nilikuja na kitabu cha gari. Kitabu kilitaka kwamba kwa kilomita 1,000 za mwanzo tusilijaze mzigo wote, tusikanyage mafuta hadi mwisho, tusishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu, na tusiiache injini ikinguruma bure.

"Mwalimu," akaniambia, "kitabu hiki kimeandikwa na mtu asiyeijua njia ya Adu."

"Kweli, Mzee wangu, lakini injini kaiunda yeye."

Tulinyamaziana siku mbili. Baadaye nilitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amekamata nusu ya ukweli. Ukuta wa ndani wa silinda si laini kama kioo. Kiwandani huachwa na michirizi myembamba inayokatana, nayo kazi yake ni kushika oili. Ringi za pistoni ni ngumu, na katika safari za mwanzo hutakiwa kusuguana na ukuta huo kwa kipimo hadi vishikane barabara. Kinachozisukuma ringi zikaze ukutani ni mgandamizo wa gesi inayowaka ndani ya silinda. Basi injini inayobembelezwa tu, ikingurumishwa bila kazi, haizikazi ringi zake. Michirizi hufunikwa na utando mgumu wa oili iliyoungua, na tangu hapo injini hunywa oili maisha yake yote. Kwa upande mwingine, injini mpya iliyotwishwa mzigo mzito katika mchanga hupata joto jingi, utando wa oili ukakatika, na chuma kikala chuma. Mzee aliijua hatari ya pili na kitabu kilizijua zote mbili. Tulikubaliana safari za Gongoni na Malindi, magunia machache ya mahindi nyuma, mwendo wa kupanda na kushuka, wala hakuna tena kungurumisha gari uani asubuhi. Breki na gia nazo huhitaji muda kama huo wa kuzoeana, na nati za magurudumu zinataka kukazwa upya baada ya safari chache za mwanzo. Jambo hili la nati Mzee alilijua bila kitabu.

Kilomita 1,000 zilipotimia tulimwaga oili ya kwanza mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Niliazima sumaku kutoka maabara nikaipitisha katika karai. Ilitoka na manyoya membamba ya kijivu, vumbi la chuma lililotokana na kule kusuguana. Msichana mmoja akauliza kama gari limeumia. Nilimwambia hapana, limekua. Jibu hilo lilinipendeza wakati ule, ingawa sasa naona nilipaswa kumwachia yeye alitafute.

Walimu wenzangu wa fizikia wanajua taabu ya kufundisha mgandamizo wa gesi kwa ubao na chaki. Injini ya dizeli ni somo lililoegeshwa uani. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuifanya injini yake ifanye kazi ipasavyo mjini Augsburg mwaka 1897, na mwaka 1913 akatoweka usiku kutoka katika meli akielekea Uingereza. Injini yake haina cheche. Hewa hugandamizwa hadi nafasi yake ipungue mara kumi na sita au zaidi, ikapata joto la kupita nyuzi 500, kisha dizeli inayopulizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kila mtoto aliyewahi kujaza tairi la baiskeli ameshika bomba akahisi joto lake; ajabu ni kwamba hatumwambii kwamba hapo amekwisha kuigusa injini ya lori.

Hapo hapo hesabu huingia. Injini ya lita mbili na nusu yenye mipigo minne, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, humeza hewa lita 2,500 kila dakika, na ikiwa na tabo humeza zaidi. Fikiri sasa hewa hiyo ni ya njia ya Adu mwezi wa Februari, unatembea nyuma ya lori. Kinachosimama baina ya vumbi hilo na zile ringi tulizozizoesha kwa adabu ni chujio la karatasi. Tulikuwa tukilipiga-piga ukutani na kulirudisha. Karatasi iliyopigwa hupasuka mahali jicho halioni.

Sasa nifike kwenye usiku ambao sipendi kuukumbuka.

Wakati wa gari la kwanza, mwanafunzi wetu mmoja wa bweni aliumwa na nyoka saa tatu za usiku karibu na choo. Tulimlaza kitini, mguu ukiwa umetulizwa kwa ubao, tukashika njia ya hospitali ya Malindi. Tulipoipita Gongoni injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Mzee alifungua boneti, akapampu dizeli kwa mkono, ikawaka, ikaenda kitambo, ikazima. Mtoto alikuwa ameanza kutapika. Lori la chumvi lililokuwa likienda Mombasa ndilo lililotuokoa. Utingo wake aliruka nyuma juu ya magunia ili mtoto apate nafasi yake. Alipona, na leo ana watoto wake. Sisi tuliokoka na aibu.

Kilichotuzimia gari kilikuwa maji yasiyojaa kikombe. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini ya tangi na chini ya chujio la mafuta, na ndiyo sababu magari mengi ya dizeli huwa na kiziduo chini ya chujio hilo: hulegezwa, maji yakamwagika, kikafungwa. Ni kazi ya dakika tano. Pwani maji haya si lazima yatoke kwa muuzaji laghai. Tangi likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu iliyomo hupoa usiku na kutoa matone. Dawa ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi. Na gari letu la sasa, kama mengi ya kisasa, hupuliza dizeli kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa tunayoivuta, kupitia matundu membamba mno. Tone moja la maji hapo si kikohozi tena bali ni kununua nozeli mpya, na bei ya nozeli hizo humfanya mhasibu avue miwani. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo nayo huua, kwa kuwa dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, ilhali mafuta ya taa hayana ulaini huo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja tamaa ya kuyachanganya na dizeli.

Lakini sijasema lililo zito. Wiki mbili kabla ya usiku ule, Mzee alikuja ofisini akasema gari linakohoa, linataka chujio jipya. Aliyemjibu asubiri hadi mwisho wa muhula ni mimi. Nilikuwa katibu wa kamati, fedha za usafiri zilikuwa zimekwisha, na mbele yangu alisimama dereva, mtu ambaye haalikwi mikutanoni. Nilimsikiliza kwa sikio tunalowasikilizia madereva.

Turudi kwenye chumvi. Mke wa nyumba yeyote wa pwani anajua kwamba chumvi iliyoachwa wazi hulowa usiku. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kuuvuta na kuyeyuka ndani yake, na usiku wa kwetu hupita kiwango hicho mara nyingi. Basi chembe ya chumvi iliyonasa katika kona ya fremu hainasi kavu. Kila usiku hujifanyia kijibwawa chake, maji yenye uwezo wa kupitisha umeme baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na huko ndiko kutu inakozaliwa. Mchana hukauka, usiku huanza upya. Gari liegeshwalo Marereni huwa linasafiri hata likiwa limesimama.

Na sisi tulikuwa tukiliosha. Naam, ndoo sita kila jioni! Baada ya gari la kwanza kufa nilifanya jambo ambalo ningalipaswa kulifanya miaka mitano nyuma. Niliwapa wanafunzi sufuria mbili, moja lita ya maji ya kisima chetu, nyingine lita ya maji ya mvua kutoka tangi la paa, wakazichemsha hadi zikakauka. Sufuria ya maji ya mvua ilibaki na doa dogo. Ile ya kisima ilibaki na ganda jeupe, na mvulana mmoja akalionja kabla sijamkataza. Tulikuwa tukilipaka gari chumvi kwa sabuni na bidii. Maji hayo hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatia katika rejeta.

Visima vyetu vimepata chumvi vipi ni kesi nyingine, na ni nzito kuliko gari. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya uzalishaji wa chumvi katika wilaya ya Malindi ya wakati huo, ikatoa ripoti mwaka 2006, na kuharibika kwa maji ya kunywa kulikuwa miongoni mwa malalamiko ya wananchi. Mtu asiye na maji matamu ya kunywa hawezi kuambiwa aoshe gari kwa maji matamu. Kwa hiyo tumepanga hivi: ndoo mbili tu za maji ya mvua, mara moja kwa wiki, na zote mbili ziende chini ya gari. Juu pakae na vumbi. Rangi ya juu hutazamwa na watu, lakini fremu haina mtazamaji, na ndiyo inayobeba watoto. Tunazibua matundu yaliyo chini ya milango ili maji yasituame, tunapaka vaselini vichwa vya betri, na mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, gari hukaushwa likapakwa nta ya kuzuia kutu hadi ndani ya fremu. Fundi mmoja alitushauri tulinyunyizie oili chafu chini, kama wafanyavyo wengi. Nilikataa: oili hiyo hulegeza mipira, ikifika kwenye breki huua, na inayodondoka huingia katika ardhi yenye visima vilevile.

Wala tusijidanganye kwamba elimu hii ni ngeni pwani. Mabaharia wa Ngomeni na Mambrui hawangoji maji yajae katika ngama ndipo wakitazame chombo. Hukipandisha ufuoni, wakakikwangua, wakakitia kalafati, wakakipaka deheni ya shahamu na chokaa sehemu izamayo, na sifa, yale mafuta ya papa, katika mbao za juu. Kazi hiyo imo katika hesabu ya chombo tangu siku kinapoundwa, na nahodha asiyeijua hapewi chombo. Mkabala na Ngomeni hiyo hiyo yapo majukwaa ya chuma ya Waitalia, yaliyorusha setilaiti baina ya mwaka 1967 na 1988. Wahandisi waliotuma vyombo angani nao iliwabidi kupigana na kutu miguuni. Babu zetu waliijua bahari. Sisi wajukuu tulinunua chombo cha chuma, tukakiegesha ufuoni, tukasahau kwamba ni ufuo.

Lawama yangu basi ni hii, na ninajilaumu mimi mwanzo. Shule, makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vyetu hununua magari kwa harambee na huyatunza kwa masalio. Mgeni rasmi hualikwa kukata utepe wa gari, lakini sijaona akialikwa kukata utepe wa chujio la mafuta. Siku tunayolipia gari tunapaswa kuweka kando fedha za matengenezo yake, na kila kilomita litakayokwenda iongeze kitu katika mfuko huo, usioguswa hata na karamu ya washindi wa michezo. Na dereva apewe neno. Katika gari letu sasa mna daftari. Mzee huandika kila asubuhi kipimo cha oili, maji ya rejeta, maji yaliyomwagwa katika chujio, na jambo lolote lisilompendeza. Akiandika "gari halitoki", halitoki, hata kama mwalimu mkuu ana safari. Kanuni hiyo ilipigiwa kura na ilishinda kwa kura moja.

Sasa hivi inajaribiwa. Gari lina miezi kumi na minne. Wiki iliyopita kamati iliandikiwa barua na mfanyabiashara anayetaka kulikodi kila Jumamosi kubeba chumvi kutoka mabwawani hadi Gongoni, kwa fedha nzuri, nami sifichi kwamba tunazihitaji. Kuna wanafunzi wanaorudishwa nyumbani kwa karo. Wenzangu wanasema turubai litatosha kuikinga sakafu. Mzee ameandika katika daftari, kwa herufi zake kubwa, kwamba turubai huzuia gunia lakini halizuii maji yanayochuruzika kutoka kwenye gunia. Ijumaa, wakati wa kuosha, yule msichana aliyeuliza kama gari limeumia alitambaa chini yake na kipande cha chaki, akatoka akaniita. Nyuma ya gurudumu la kushoto alikuwa amechora duara kuzunguka doa jekundu lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Kikao ni Alhamisi saa nane za mchana. Barua ya mwito nimeiandika mimi, na safari hii jina la Mzee nimeliweka katika orodha ya wajumbe.